Vumbi juu ya Kifaru Kidogo

Yapo mambo ambayo yakitajwa katika mazungumzo juu ya utamaduni, watu hutabasamu kwa kudhani kuwa msemaji anafanya mzaha. Ukitaja ngoma, utenzi, kinyago au ususi wa mikeka, hakuna atakayekubishia. Lakini ukitaja kazi ya kuunda vielelezo vidogo vya vifaru na ndege za kivita, kuvipaka rangi kwa uangalifu mkubwa, kisha, baada ya taabu yote hiyo, kuvichakaza kwa makusudi mpaka vionekane kana kwamba vimetoka vitani jana, utaulizwa kama wewe mtu mzima huna shughuli nyingine. Sisi tumeulizwa hivyo ofisini, nyumbani na hata msibani. Hatukukasirika. Swali lenyewe ni la haki, na linastahili jibu refu kuliko lile ambalo mtu aweza kulitoa akiwa amesimama mlangoni na mwamvuli mkononi.

Kwanza yafaa tueleze kazi yenyewe, maana wasomaji wengi wa kitabu hiki hawajapata kuiona. Kielelezo huja katika sanduku la karatasi ngumu, kikiwa vipande vipande vya plastiki vilivyoshikamana na vijiti kama matunda mtini. Mwundaji huvikata kimoja kimoja, huvisugua kwa msasa, huviunganisha kwa gundi akifuata michoro, na mwisho huvipaka rangi. Kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilitoa kielelezo chake cha kwanza cha ndege, Spitfire, mwaka 1953. Kipimo chake kilikuwa 1/72, yaani inchi moja ya kielelezo ni sawa na futi sita za ndege ya kweli. Kwa upande wa vifaru, kipimo kilichoenea ni 1/35, na asili yake inachekesha. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ambayo ilianza kwa biashara ya mbao baada ya Vita Kuu ya Pili, iliunda kifaru chake cha kwanza cha plastiki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilikuwa Panther cha Kijerumani. Ukubwa wake haukuamuliwa na wanahesabu bali na betri: tumbo la kifaru lilipaswa kutosha mota na betri za kukiendesha. Walipokipima baadaye ndipo walipokuta kwamba kimekuwa takriban moja kwa thelathini na tano. Hivyo leo viwanda vya mataifa mengi vinatii kipimo kilichowekwa na betri za dukani.

Vielelezo hivi havikuanza vyote kama michezo. Mwaka 1942, Marekani ilipokuwa imekwisha kuingia vitani, Jeshi la Majini la nchi hiyo liliwaomba wanafunzi wa shule za sekondari wachonge vielelezo vya ndege vipatavyo 500,000, kwa mbao, kwa kipimo kile kile cha 1/72. Vilihitajika ili askari na walinzi wa anga wajifunze kutambua ndege ya adui na ndege ya rafiki kwa umbo lake. Vilipakwa rangi nyeusi tupu. Havikuwa na alama wala vumbi, na havikuonyesha hata dirisha la rubani, kwa sababu mlinzi atazamaye juu haoni kitu ila kivuli kinachopita. Tunaomba wanafunzi wayaweke haya akilini: kielelezo kilichokusudiwa kumsaidia mtu kutungua ndege kilikuwa safi kabisa. Uchafu ulikuja baadaye, vita vilipokwisha, watu walipoanza kutaka kukumbuka.

Kwa nini basi kuchakaza? Ni kwa sababu kielelezo kisafi ni cha uongo. Chombo cha vita hakikai kiwandani. Siku ya kwanza ya safari huvaa vumbi. Siku ya pili dereva hupanda kwa buti lenye tope na kukwaruza rangi. Mwezi ukipita jua huwa limeipausha mgongo. Mafuta humwagika pale yanapomiminwa, na moshi huacha masizi pale unapotokea. Mchoraji mwenye macho huona kwamba kila doa lina sababu yake. Kuweka doa pasipo sababu ni sawa na kumpa mhusika wa hadithi kovu usoni bila kujua alijeruhiwa wapi.

Kazi hii hudai hesabu kuliko watu wadhanivyo. Chukua tabaka la rangi lenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Kwa kipimo cha 1/35 tabaka hilo ni kama plasta ya milimita tatu na nusu juu ya kifaru cha kweli. Ndiyo maana rangi hupakwa nyepesi, mara nyingi, na kwa subira. Wengi hutumia bomba dogo linalopuliza rangi kwa upepo. Chukua tena punje ya mchanga yenye upana wa milimita moja. Ukiinyunyiza juu ya kielelezo, umeweka kokoto la sentimita tatu na nusu. Huwezi, kwa hiyo, kuchota udongo uani na kuumwaga tu. Sharti uutwange na kuuchekecha mpaka uwe laini kama poda.

Tena liko jambo la hewa. Leonardo da Vinci alikwisha kuandika, yapata karne tano zilizopita, kwamba vitu vya mbali hupauka na kuelekea ubuluu kwa sababu ya hewa iliyo kati yake na jicho. Kielelezo kilichoko shibri mbili kutoka usoni pako ni kama kifaru cha kweli kilichoko mita kadhaa. Ukitumia rangi ile ile iliyotoka katika pipa la jeshi, kielelezo kitaonekana cheusi mno na kizito, kama mtoto aliyevaa koti la babu yake. Kwa hiyo waundaji huongeza nyeupe au kijivu kidogo. Hudanganya kidogo ili waseme kweli, na sisi watunzi wa mashairi hatuna haki ya kuwashutumu kwa hilo.

Hapo tungependa kumtaja mtu wa nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi zenye kung'aa za madukani, zile za kupakia baiskeli, juu ya mbao laini za kuezekea dari. Rangi hizo ni za ukoo mmoja na zile za vijikopo vidogo vya Humbrol, kampuni iliyoanza katika mji wa Hull mwaka 1919 kwa biashara ya mafuta, ambazo vizazi vya waundaji vimezitumia. Lakini njia zao zimeachana. Kwa Tingatinga mng'ao ni furaha. Chui wake hung'aa kama aliyetoka kuoga. Mwundaji wa vifaru huuogopa mng'ao kama ugonjwa, akaufunika kwa vanishi isiyong'aa. Rangi moja, nia mbili.

Tukianza kueleza mbinu zote hatutamaliza, na nyingine ni za kuonyeshwa kwa mkono. Tutataja chache. Ya kwanza ni kuosha: rangi ya mafuta, ya kahawia au nyeusi, huzimuliwa kwa tapentaini mpaka iwe karibu na maji, kisha hugusishwa kwenye mifereji na vichwa vya ribiti. Hutiririka yenyewe na kutulia katika mianya, na kila kiungo huonekana. Ya pili ni brashi kavu, ambayo mwundaji wa Kimarekani Sheperd Paine aliieneza sana kwa maandishi yake. Brashi huchovywa katika rangi nyepesi, hufutwa kwenye kitambaa mpaka iwe kama haina kitu, kisha hupitishwa juu ya kingo; palipoinuka hupata nuru. Ya tatu huwastaajabisha wageni. Mwundaji hupaka rangi ya chini, kisha hupuliza juu yake dawa ile ya nywele wanayotumia akina mama saluni, kisha rangi ya juu. Ikikauka, huilowesha kwa maji na kuisugua kwa brashi ngumu. Dawa ya nywele huyeyuka, na rangi ya juu hubambuka vipande vidogo vidogo, kwa namna ambayo mkono peke yake usingeweza kuibuni.

Mbinu hii ya tatu inafaa sana kwa vifaru vya majira ya baridi. Katika vita vya Wajerumani na Warusi, kuanzia mwaka 1941, vifaru vilipakwa chokaa ili visionekane kwenye theluji. Ilikuwa chokaa hasa, ya kuchanganya na maji. Mvua na mikono ya askari iliifuta upesi, na rangi ya chini ikachungulia. Msomaji aliyekulia Unguja, Lamu au Kilwa hahitaji kuelezwa jinsi chokaa inavyozeeka ukutani: jinsi inavyotoka kwanza penye kona, halafu chini ya mifereji ya mvua, halafu pale ambapo watu huegemea mabega wakizungumza barazani. Mwenye kumbukumbu hiyo atakipaka kifaru cha Stalingrad vizuri kuliko mtu aliyekulia katika nyumba ya vioo.

Katika jangwa la Afrika Kaskazini mambo yalikuwa kinyume. Wajerumani walipoteremka Libya mapema mwaka 1941, magari yao mengi yalikuwa bado na rangi ya kijivu ya Ulaya, nayo yalionekana kwa mbali juu ya mchanga. Baadhi ya askari waliyapaka tope la mahali pale pale kabla ya rangi ya kufaa kuwafikia. Na yeyote aonaye kichekesho katika rangi ya waridi na ajue kwamba Waingereza walipaka baadhi ya ndege zao za upelelezi waridi hafifu, kwa sababu alfajiri na magharibi, chini ya mawingu, ni rangi ipoteayo machoni kuliko zote.

Pwani yetu nayo ina fungu lake katika elimu hii, ingawa ni la huzuni. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikono ya mto Rufiji. Waingereza walileta ndege kuitafuta, wakirukia kisiwa cha Nyororo na baadaye Mafia. Rubani wa kwanza, raia aitwaye Cutler, alikuwa na ndege ya majini aina ya Curtiss. Rejeta yake ilipoharibika, ikawekwa nyingine iliyotolewa katika gari la Ford mjini Mombasa, na ndege ikaruka. Ndege nyingine zilizoletwa zililegea gundi na mbao zake kwa joto na unyevu. Hakuna kiwanda kilichozibuni ndege hizo kwa kufikiria Rufiji. Manowari iliangamizwa Julai 1915, lakini mizinga yake kumi iliopolewa na kukokotwa bara kwa miaka mingine mitatu, na waliokokota wengi wao walikuwa Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mmoja wa mizinga hiyo uko Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg yenyewe iliizamisha Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Maadui wawili wanapulizwa na upepo mmoja wa chumvi. Mwanafunzi anayetaka kujua chuma huzeekaje pwani, na aende pale na daftari.

Tukubali pia kwamba sanaa hii ina maradhi yake. Katika miaka ya karibuni imeingia mitindo ya kutia kivuli kila ubao na kutu kila kona, hata gari la wiki mbili likaonekana limezama bahari ya Hindi tangu enzi za Wareno. Vifaru vingi havikuishi muda wa kutosha kupata kutu. Minyororo yao haiwi myekundu ikiwa inatembea. Hung'aa kama fedha pale inapogusa ardhi, kwa kuwa mawe huisugua kila saa. Mwundaji anayepaka kutu kila mahali hutukumbusha malenga chipukizi aliyegundua kamusi, akajaza ubeti maneno ya kale mpaka maana ikakosa pa kukaa. Mizani yake imetimia, vina vyake vimelingana, na hakuna mtu aliyelia wala kucheka. Neno moja la kale likiwa mahali pake hutosha, na doa moja la mafuta vivyo hivyo.

Wengine hutuambia kuwa kazi hii ni ya kigeni, haina mizizi kwetu. Jibu letu ni fupi. Ni mtoto gani wa nchi hii, wa kizazi chetu au kilichofuata, ambaye hakuunda gari la waya? Tulikunja waya za uzio, tukakata magurudumu kwenye kandambili zilizochoka, tukaweka usukani mrefu wa kuendeshea tukikimbia nyuma. Wako waliounda mabasi yenye keria na ngazi ya nyuma, na waliounda malori yenye tela, wakibishana vikali kama ekseli za nyuma ni moja au mbili, maana wote tulikuwa tumekwisha kuzihesabu barabarani. Huo ulikuwa uundaji wa vielelezo kwa maana kamili. Tofauti ni moja tu: sisi hatukuhitaji kupaka tope. Gari lilipita katika tope lenyewe.

Lakini pingamizi kubwa si la ugeni. Pingamizi kubwa ni lile la mtu anayesema: kifaru ni chombo cha kuulia watu, kwa nini mtu akae usiku chini ya taa kukipamba? Tumelifikiria swali hili kwa miaka, na hatudhani kuwa lina jibu jepesi. Tumeona vielelezo, hasa katika vitabu vya nje, vilivyoundwa kwa namna ya kushangilia, ambamo jeshi lililowachinja raia mamilioni linaonekana maridadi kama kikosi cha bendi. Hilo tunalichukia. Na hatujapata kuunda maiti, ijapokuwa wako wanaouza sanamu za namna hiyo, tena za bei kubwa. Tulichoweza kukijua kwa hakika tumekijua nyumbani mwetu wenyewe, nasi tutakieleza kama kilivyotokea.

Kaka yetu mkubwa alikuwa dereva wa kifaru katika vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuikalia mpaka mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa tarehe 3 Novemba. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Tunakumbuka malori na mabasi ya raia yakichukuliwa kwenda vitani, na tunakumbuka jinsi baadhi yalivyorudi mwaka uliofuata yakiwa na rangi ambayo hatukuijua, wekundu uliokauka mpaka madirishani. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Kaka alirudi baadaye, akaoa, akalima, akastaafu. Kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini hakusimulia kitu. Ukimwuliza vita vilikuwaje, atakuambia, "Vilikuwa vita," kisha atauliza habari za mahindi.

Kifaru alichoendesha kilikuwa cha Kichina, Aina ya 59, ambacho nacho kiliigwa kutoka T-54 cha Kirusi. Ni chombo cha tani 36, chenye watu wanne na mzinga wa milimita 100. Kichwa chake ni cha duara kama bakuli lililofudikizwa, na kati ya gurudumu la kwanza na la pili pana mwanya mkubwa kuliko mingine, alama ambayo haimpotezi mtu. Kielelezo chake kwa kipimo cha 1/35 kina kiwiliwili cha sentimita kama 17. Tulikipata kwa msaada wa rafiki aliyesafiri. Tulikiunda katika majira ya mvua, jioni baada ya kazi, na kilipofika wakati wa rangi tukampelekea kaka, si kwa nia ya kumhoji, bali kwa kuwa hatukuwa na mtu mwingine wa kumwuliza.

Hatukumwuliza vita vilikuwaje. Tulimwuliza tope lilishika wapi.

Alikiangalia kwa muda mrefu, akakigeuza, akakiweka mezani kikiwa kimemwelekea. Kisha akaanza. Mlango wa dereva uko mbele, kushoto; hapo, alisema, rangi iliisha mapema, kwa sababu aliingia na kutoka mara nyingi kwa kuweka goti lile lile mahali pale pale. Moshi hutokea ubavuni kushoto, juu ya bawa la nyuma, na masizi yake huenda mbali kuliko mtu anavyofikiri. Matangi ya nje ya dizeli yako bawa la kulia. Dizeli ikimwagika, vumbi hunata, na hapo panakuwa na weusi usiotoka hata kwa mvua. Tope la mbele halikuwa sawa na la nyuma. La mbele ni la kurushwa, hukaa matone matone. La nyuma ni la kuburuzwa, hukaa kama ukuta wa nyumba ya miti. "Na hapa," akasema, akigusa bati la mbele upande wa kulia, "palipinda. Tulipita katikati ya migomba usiku."

Tukauliza: migomba ya wapi? Akatutajia. Tukauliza: mvua ilikuwa inanyesha? Akasema mvua ilikuwa imekatika, ndiyo maana waliweza kusikia. Tukauliza walisikia nini. Hapo alinyamaza, nasi tukarudi kwenye rangi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa majuma kadhaa. Kila tulipouliza habari za doa, alijibu. Na ndani ya jibu la doa yalikuwamo mambo ambayo mama yetu alikufa bila kuyasikia. Tulijua kutokana na kamba iliyofungwa nyuma ya kichwa cha kifaru kwamba waliwahi kumbeba mtu juu yake kwa saa nyingi. Tulijua kutokana na sufuria iliyoning'inia ubavuni kwamba mpakiaji wa mizinga alikuwa ndiye mpishi, na kwamba alipika vibaya, na kwamba alikuwa akiimba.

Kuhusu udongo, kaka hakuridhika na poda zetu za dukani. Zilikuwa nne, za viwanda vya Ulaya, na majina yake yalitaja Urusi, Ulaya na jangwa. Alizitazama akasema, "Mdogo wangu, udongo wa kule hauko humu." Tukamwomba kondakta mmoja wa basi atuletee udongo kutoka Kyaka, naye, Mungu ambariki, alituletea kopo la majani ya chai likiwa limejaa, akakataa kulipwa. Tuliutwanga katika kinu cha kutwangia iliki, jambo lililoleta maneno jikoni kwa siku mbili, tukauchekecha kwa soksi kuukuu, tukaupaka kwa tapentaini na gundi kidogo. Ulipokauka ukawa na wekundu wenye kahawia ndani yake, na tukaitambua rangi ile ya madirisha ya mabasi.

Ilibaki namba. Alisema kifaru chao kilikuwa na namba ubavuni mwa kichwa, nyeupe, iliyopakwa kwa mkono. Tulikuwa tumekwisha kuchonga kigezo cha karatasi na kuandaa rangi. Tukamwuliza ilikuwa namba gani. Akajibu bila kusita, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo zamani sana:

"Namba ile ni ya watu wanne. Mimi ni mmoja tu. Siwezi kukupa."

Tukaosha brashi.

Kifaru hicho sasa kiko juu ya kabati la vitabu sebuleni kwa kaka. Wageni wanaoijua kazi hii hukisifu tope lake, kisha huuliza kwa nini kichwa hakina namba, kana kwamba kazi haijaisha. Mwezi uliopita alikuja kijana wa kidato cha pili, mtoto wa jirani, naye akauliza vivyo hivyo. Tulimwambia amwulize babu mwenyewe. Kaka alivaa miwani, akakishusha kifaru, akamwonyesha pale karibu na mlango wa dereva ambapo rangi imeisha, akamwambia aweke kidole. Kijana akaweka. Kaka akaanza kumweleza habari za goti.